Boti za maji, buibui na simu "isiyoingia maji"

"Habari za kazi, mhandisi. Tunaishi Kisasa, hapa Dodoma. Likizo ya mwezi wa sita tunakwenda Johannesburg kwa kaka yangu: mimi, mama yangu wa miaka 68, na wanangu wawili wa miaka 13 na 9. Watoto wameshaona video za Gold Reef City, bustani ya michezo ya huko, na kilichowashika ni zile boti zinazopita kwenye maji yanayochafuka. Mwaka jana tulikwenda bustani moja ya michezo ya maji Dar tukarudi tumelowa mpaka ndani ya mikoba, na simu yangu ikafa. Mimi navaa buibui na hijabu. Mama anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia. Mdogo aliwahi kutokwa na usaha sikioni. Kaka anasema tukae viti vya nyuma, wifi anasema koti la mvua linatosha, na aliyeniuzia simu mpya ameniapia kuwa haiingii maji. Nani mkweli? Kuna namna ya kupanda bila kulowa?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Hakuna. Boti ya aina hiyo isiyomlowesha mtu ingekosa abiria. Kinachowezekana ni kulowa kidogo, kulowa sehemu ulizoziandaa, na kuhakikisha kwamba kisichovumilia maji hakipandi kabisa. Kaka yako ana nusu ya ukweli, wifi ana robo. Muuzaji wa simu tutamfikia.

Kwanza tuliweke kando la mwaka jana, maana mlilowa kwa sababu nyingine. Kwenye mabomba ya kuteleza mwili wako ndio chombo. Maji yanayopita chini ya mgongo ndiyo yanayoondoa msuguano ili uteleze; yakikatwa unakwama katikati ya bomba na ngozi inachubuka. Pale habari ya kubaki mkavu haipo, unavaa nguo za kuogelea na kila kingine unakiacha kwenye kabati la kukodi la bustani. Kwenye boti, maji yanatakiwa kubaki nje, na yanayoingia yanaingia kwa njia zinazojulikana. Ukishazijua njia hizo, ushauri wa ndugu utaupima mwenyewe.

Boti hizi ziko za namna mbili kubwa. Moja ni ndefu, ina umbo la gogo, inapandishwa juu kwa mkanda au mnyororo kisha inaachiwa mteremkoni mpaka kwenye bwawa. Wazo lake limetoka kwenye mifereji iliyotumika Marekani kuteremsha magogo kutoka milimani, na ya kisasa ya kwanza kwa ajili ya burudani ilifunguliwa mwaka 1963 katika bustani ya Six Flags Over Texas. Nyingine ni ya duara, imezungushiwa mpira mkubwa wa upepo, abiria wanakaa wakitazamana na mkondo unawachukua huku boti ikijizungusha ovyo. Hii ilianza mwaka 1980 katika bustani ya AstroWorld mjini Houston. Wanao wameona hii ya duara. Nitaeleza zote mbili, kwa sababu watoto wakionja moja watataka na ya pili, iwe safari hii au nyingine.

Tuanze na ya gogo. Chukua mteremko wa mita 12: boti ikifika chini, hesabu inatoa mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa, kabla ya kupunguza kidogo kwa ajili ya msuguano. Mwendo huo lazima uishie mahali, na breki yake ni maji yenyewe. Pua ya boti inayasukuma maji ya bwawa, maji hayana pa kwenda, yanaruka mbele, juu na pembeni. Umeshasimama kando ya barabara hapa Dodoma mwezi wa kwanza, lori likapita kwenye dimbwi? Dereva haguswi, anayelowa ni wewe wa pembeni, na lori likiwa zito na lenye haraka unalowa zaidi. Kwenye boti ni hivyo hivyo, isipokuwa dereva hapa hana paa, na yeye mwenyewe anapunguza mwendo ghafla wakati maji aliyoyarusha bado yako hewani. Maji yaliyorushwa mita 2 juu yanachukua zaidi ya sekunde moja kupanda na kushuka. Katika sekunde hiyo boti imeshapoteza sehemu kubwa ya kasi yake, kwa hiyo haiwahi kuyakimbia, yanaishukia.

Ndiyo maana "kaeni nyuma" ni nusu ya ukweli. Wa mbele anapigwa kifuani na maji yanayotoka puani. Wa nyuma anayakosa hayo, halafu anapata yanayoanguka kutoka juu. Kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Sakafu ya boti huwa na maji yaliyoachwa na safari zilizotangulia. Boti inapopandishwa mlimani, maji hayo yote yanakimbilia nyuma, kwenye miguu ya aliyedhani amejificha. Boti ikianza kushuka, yanakimbilia mbele. Viti vya katikati, nyuma ya mgongo wa mtu mzima, ndivyo mara nyingi vina nafuu. Uzito nao una neno lake: boti iliyojaa watu wazima inazama zaidi na kusukuma maji mengi zaidi. Ukiweza kuchagua, panda na watoto, usipande na wajomba wanne.

Kwenye boti ya duara habari ya mbele na nyuma inakufa. Pampu kubwa zinasukuma maelfu ya lita kila sekunde kwenye mfereji wa zege, na chini ya mfereji wamepanga vizuizi vinavyofanya maji yapande na kuvunjika. Wewe umeingia ukiwa upande wa mbele, baada ya kona ya kwanza uko nyuma, baada ya pili uko ubavuni chini ya maporomoko ya ukutani. Atakayelowa zaidi anaamuliwa na kona, ukuta na bahati. Kitu kimoja tu mnaweza kukisaidia, nacho ni kugawa uzito. Upande ulioelemewa unakaa chini zaidi, na mawimbi yanaingilia hapo. Mtu mzima na mtu mzima wasikae ubavu mmoja huku watoto wakiwa ng'ambo. Mhudumu naye anaweza kuwapanga, na akiwapanga msibishane naye.

Kwa kuwa kazi yangu ni pampu, niseme kidogo kuhusu maji yenyewe. Watu wa kazi yetu hatuogopi sana maji kuingia kwenye boti, tunaogopa maji kupungua kwenye mfereji. Tarehe 25 Oktoba 2016 watu 4 walifariki katika bustani ya Dreamworld, Queensland, Australia, kwenye boti za duara: pampu ilizimika, kiwango cha maji kikashuka, boti moja ikakwama, na nyingine ikaja kuigonga. Sikuelezi hili ili ufute safari. Nakueleza ili siku hiyo mhudumu akisimamisha foleni na kuwaacha mkingoja juani, usimuone anawachelewesha. Anafanya kazi yake. Na mkiwa ndani, usifungue mkanda wala kunyanyuka kitini kukwepa wimbi. Kulowa kunakauka.

Sasa wifi na koti lake. Koti la plastiki jembamba lisilo na mikono, linalouzwa kwenye bustani nyingi za aina hii, linazuia maji yanayotoka juu, na kwa hilo ni zuri. Maji mengi ya boti hayatoki juu. Yanaingia kwa ubavu, yanatua mapajani, yanakusanyika kwenye kiti, na wewe umeyakalia. Utashuka una mabega makavu na makalio yamelowa chepechepe, na hiyo ndiyo sura ya watu wengi wanaotoka kwenye boti hizi na makoti yao. Upepo wa mteremkoni nao unalifunua lile koti mpaka usoni.

Hapa Dodoma tuna kitu bora kuliko hicho: koti la mvua la bodaboda lenye suruali yake. Suruali ndiyo yenye kazi. Inakukinga na kiti, na ukifunga vifundoni maji hayapandi ndani. Angalia soko la Majengo au la Sabasaba kabla ya kusafiri. Mwezi wa sita mvua zimekwisha, kwa hiyo usitarajie wayatundike mbele, waambie wakutafutie ndani. Chagua lenye kofia ya kufunga kwa kamba. Ukiwa kitini, chuma au mkanda wa kukubana ukae juu ya koti, uonekane, ili mhudumu aukague bila kukupapasa. Kuna bustani zinazokataa nguo fulani kwenye boti, kwa hiyo muulize mhudumu kabla hujakaa kwenye foleni ya saa nzima.

Buibui lako si tatizo unavyodhani. Mabuibui mengi ya siku hizi ni ya kitambaa cha polista, na kitambaa hicho hakinywi maji mengi: ukikikung'uta, yanadondoka. Adui hapa ni jinzi na pamba nzito. Pamba inayanywa maji ndani ya nyuzi zake, inakuwa nzito, na inakaa hivyo saa nyingi. Wanao watataka kwenda na jinzi, wakatalie. Buibui lina shida mbili tu, urefu wake na kunata kwake likilowa. Kwa urefu, likusanye, likalie, pasibaki ncha inayoning'inia nje ya boti au kuburuzika wakati wa kupanda na kushuka. Kwa kunata, vaa ndani gauni fupi na suruali nyepesi za rangi nzito, au vaa suti ya bodaboda juu ya nguo hizo na uliache buibui kabatini mpaka ushuke. Hijabu iwe ile ya kuvuta kichwani iliyoshonwa, bila pini na bila ncha ndefu za kuzungusha shingoni. Mtandio wa kuzungusha siupendi karibu na kitu chochote kinachokwenda kasi.

Beba doti moja ya kanga. Pamba yake, niliyoisema vibaya hapo juu, hapa ndiyo inayotakiwa: kanga moja inafuta maji kuliko taulo jembamba, ya pili ni stara ya kubadilishia nguo popote utakapokuwa.

Miguuni vaa yeboyebo zenye mkanda wa kisigino, bila soksi. Ndala zinachukuliwa na maji, na ukizishika mkononi mkono huo haushiki tena boti. Raba na soksi kavu zikungoje kabatini. Raba iliyolowa asubuhi, jioni bado ina maji.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo kaka yako, kwa kuwa amezoea kule, huenda amelisahau. Mwezi wa sita Johannesburg ni baridi. Mji uko juu zaidi ya Dodoma, takriban mita 1,750 dhidi ya 1,120 zetu, na mchana wa mwezi huo joto huishia kwenye nyuzi 16 au 17, usiku linashuka mpaka karibu 4. Hewa yake wakati huo ni kavu kama yetu ya kiangazi, na hapa ndipo mtu wa Dodoma anapodanganyika. Tumezoea kanga kukauka kambani kabla chai haijaisha, tukadhani hewa kavu ni rafiki wa aliyelowa. Nguo inakauka kwa kula joto, na kama nguo iko mwilini, joto kubwa linaloliwa ni la mwili. Nusu lita ya maji ikikauka kabisa inachukua joto linalotosha kuchemsha lita 3 na nusu za maji kuanzia nyuzi 20. Si lote linatoka mwilini, jua na upepo vinachangia, lakini mtoto wa miaka 9 hana mwili mkubwa wa kulipia hata nusu yake. Upepo ukivuma, deni linalipwa haraka zaidi.

Kwa hiyo ule ushauri wa kiangazi kwamba boti za maji ziwe mwisho wa siku ili mrudi nyumbani moja kwa moja, kwenu haufai. Pandeni kati ya saa 6 na saa 8 mchana, jua likiwa kali, kisha mbaki na muda wa kukauka. Mwezi huo kule jua linazama kabla ya saa 12 jioni, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo geuzeni saa zenu mapema msije mkakosea hesabu. Mkishuka, msikae juani mkisubiri nguo zikauke mwilini. Badilisheni zote, mpaka za ndani, kisha ndipo mkae juani. Mtoto akianza kutetemeka, mpe nguo kavu, kofia, na chai ya moto yenye sukari. Akiwa anatetemeka sana, au ameacha kutetemeka huku akizubaa, anasinzia au maneno yanamkwama, hilo si la chai tena. Mpelekeni chumba cha huduma ya kwanza hapo hapo, na wao wataamua kama ni la hospitali.

Kabla hamjaondoka, kaka yako apige simu kuuliza kama boti zinafanya kazi siku hiyo. Bustani nyingi hutumia majira ya baridi kufanya matengenezo ya mitambo ya maji. Ni afadhali watoto walie Dodoma kuliko walie getini.

Simu sasa. Muuzaji hakukudanganya kabisa, alikata sentensi katikati. Alama ya IP67 maana yake simu ya aina hiyo ilijaribiwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuiharibu. IP68 ni kina zaidi, kwa masharti aliyoyaweka mtengenezaji mwenyewe. Majaribio hayo ni ya maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na ya simu mpya. Maji ya boti yanakuja kwa kasi, na huwa na klorini. Mipira membamba inayoziba simu huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa miaka. Na kama simu imeshafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo au betri, ihesabu kuwa haina kinga tena, hata kama alama bado imeandikwa. Hata iliyo mpya, dhamana ya kawaida ya mtengenezaji haigusi uharibifu wa maji. Ukikosa kabati la kukodi, ina mtu wa kubaki nayo chini, nitamtaja.

Ikilowa pamoja na hayo, izime, ifute, toa laini, iinamishe tundu la chaji likiwa chini na uigonge polepole kiganjani. Kisha iache mahali penye hewa, na usiichaji hata kidogo mpaka iwe imekauka kabisa, hata ikichukua siku nzima. Usiifukie kwenye mchele. Apple wenyewe wanawaonya wateja wao wasifanye hivyo kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuingia na kuharibu. Mchele upike.

Pasipoti na pesa ziache nyumbani kwa kaka yako au kabatini. Vitu vidogo, kama funguo, viingize kwenye kifuko cha plastiki chenye zipu, viwili vikivaana. Wengine huogopa kubeba vifuko hivyo kwa sababu ya katazo la mifuko ya plastiki lililoanza hapa kwetu Juni 2019; katazo hilo lilivilenga vibebeo, na tangazo lake liliruhusu vifuko vya zipu vya msafiri kwa vitu vyake vya kuogea. Ukitoka nacho, rudi nacho.

Mama yako, kwa maoni yangu, asipande. Kifaa cha sikioni ni sababu ndogo. Vingi vinatumia betri zinazohitaji kuvuta hewa ili zitoe umeme, na maji yakiziba vitundu vya hewa kifaa kinazimika, na yakikaa ndani yanakula shaba zake. Akikivua, hasikii maelekezo ya mhudumu, na hilo silipendi kwa mtu yeyote ndani ya boti inayokwenda. Sababu kubwa ni mgongo. Boti ya gogo ikigonga maji, na ya duara ikigonga ukuta, pigo linapanda kwenye uti wa mgongo, na mifupa ya miaka 68 haipokei kama ya miaka 13. Mabango ya bustani hizi hukataza wenye matatizo ya moyo, mgongo na shingo, wajawazito, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kama mama mwenyewe ana hamu, na hamu ni haki yake, azungumze kwanza na daktari anayemhudumia hapa Dodoma, siyo na mhudumu wa boti. La sivyo yeye ndiye mtunza simu na mikoba, na heshima hiyo apewe mahali pakavu. Benchi zilizo karibu na bwawa la kushukia na madaraja yanayopita juu ya mfereji ndiko watazamaji wanakolowa bila kupanda chochote. Angalia sakafu: zege likiwa na rangi nzito, maji yanafika hapo.

Sikio la mdogo ni swali ambalo pampu hazinipi haki ya kulijibu kikamilifu, ila naweza kukueleza kwa nini ni zito. Usaha uliowahi kutoka nje mara nyingi una maana kwamba ngoma ya sikio ilitoboka. Nyingi huziba zenyewe, nyingine hazizibi. Tundu likibaki, maji machafu yana njia ya moja kwa moja kuingia sikio la kati, na ugonjwa unarudi. Hakuna njia ya kujua ukiwa nyumbani. Mpeleke akaangaliwe wiki kadhaa kabla ya safari: ulizia kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, au anzia General, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuchungulia kwa kifaa chenye taa ni kazi ya dakika chache. Ngoma ikiwa imefunga, apande. Ikiwa na tundu, daktari atasema kama pamba iliyopakwa mafuta ya vaselini inatosha kwa maji ya kurukia, au asubiri. Usimtie dawa ya matone iliyobaki kabatini. Baadhi ya dawa hizo hazifai sikio lililotoboka. Na baada ya safari, sikio likiuma, likitoa maji au usaha, au akipungukiwa kusikia, usingoje mrudi Dodoma, mwoneni daktari huko huko.

Mkifika, kabla ya kupanga foleni, simameni dakika kumi kwenye mlango wa kutokea. Tazameni wanaoshuka: wamelowa mabega au mapaja, wote au wawili tu kwenye kila boti, wanacheka au wanatetemeka? Hapo mtajua zaidi ya yote niliyoandika, kwa sababu wenye bustani huongeza au kupunguza mirija ya kurusha maji kulingana na hali ya hewa, na boti ya video siyo lazima iwe boti ya siku yenu. Mkiona kila mtu anatoka ametota mpaka kichwani na upepo unavuma, ninyi wawili watu wazima msione haya kubaki.

Mwenye miaka 13 nina hakika hataki kusikia lolote kati ya haya. Anataka kulowa. Mwache akae penye maji, mradi ana seti nzima ya nguo kavu kabatini na amekubali kwamba safari ya pili haipandwi na nguo zilizolowa kwenye ya kwanza.